Wakili wa Mtu Asiye na Kitu

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Ekerenyo



Halmashauri ilituagiza sisi tulio katika kazi ya ukarani wa Chama tuseme maneno juu ya mambo ya korti, na juu ya msaada wa wakili kwa mtu asiye na fedha, na maneno hayo yachapwe katika kitabu hiki pamoja na hesabu za mwaka. Twajua kwamba wengi wenu mmekuja kusikiliza hesabu. Hatutawachelewesha bure, walakini jambo lenyewe si dogo, na sehemu yake moja huenda isiwapendeze wazee, nasi twaomba radhi mapema kwa ajili ya sehemu hiyo.

Tuanze pale Chama chenyewe kilipoanzia. Chama hiki kiliundwa ili watu wazikane kwa heshima. Mtu wetu akifa Nairobi au Mombasa au Kericho, twachanga, twakodi gari, twamleta nyumbani, twanunua sanduku, twawalisha waombolezaji, kisha kila mtu arudi kwake. Katika kazi hiyo hatuna aibu. Lakini kila msiba tulioushughulikia umeacha nyuma yake shamba, na chai iliyo shambani, na namba ya chai iliyo katika jina la marehemu, na mara nyingine akiba kidogo katika benki au katika sako. Wala hatukumbuki hata mara moja ambapo Chama kiliuliza, kabla watu hawajatawanyika, hati ya shamba iko wapi, na imeandikwa jina la nani. Tumemzika mtu, tukaiacha kesi imekaa juu ya kaburi inangoja.

Mwaka uliopita alikuja kwetu mama mmoja mjane wa huku huku Mugirango ya Kaskazini. Jina lake hatulitaji, na wanaomjua twawaomba wanyamaze. Alikuwa amefunga karatasi zake zote katika leso: kibali cha maziko ya mumewe, nakala ya hati ya shamba iliyochakaa hata mikunjo yake ikawa matundu, kitambulisho cha marehemu, na risiti tatu zisizo na muhuri. Shemeji yake alikuwa ameng'oa alama za mpaka na kuanza kuchuma chai ya upande wa mama huyo, akisema kwamba shamba ni la baba yao, na kwamba mwanamke aliyekuja kuolewa hana daftari katika ukoo. Mama alikuwa amekwisha uza mtamba mmoja. Fedha ya mtamba ilikwenda kwa mtu mmoja wa kando ya korti, mwenye tai na mkoba, aliyejiita mjuzi wa sheria. Huyo ndiye aliyetoa zile risiti. Hakuwa wakili, wala karani wa korti, wala kitu chochote. Na siku tulipokwenda kumtafuta watu wa pale walituambia kwamba amehamia mji mwingine.

Tuliifungua ile hati ya shamba tukaisoma. Jina lililoandikwa halikuwa la mumewe, bali la baba mkwe wake, ambaye alikufa miaka mingi kabla ya mwanawe. Hapo ndipo tulipoanza kuuelewa ugonjwa wenyewe. Katika nchi yetu ya Gusii wazee wengi waliandikishwa mashamba yao katika miaka ya 1960 na miaka iliyofuata, kisha daftari likafungwa. Wana waligawiwa kwa mdomo, kila mmoja akaonyeshwa mahali pa kujenga na mahali pa kulima, wakaoa, wakapanda chai na mikaratusi, wakafa; na daftari halikujua lolote juu yao. Mtu ameishi juu ya shamba miaka 40, na kwa Serikali ni mgeni hapo. Mjane wake basi ni mgeni wa mgeni.

Tulikwenda naye Nyamira. Katika masijala tulielezwa wazi, tena kwa upole, kwamba hawezi kufungua mirathi ya mumewe juu ya shamba lile kabla mirathi ya baba mkwe haijafunguliwa. Yaani mambo mawili, moja nyuma ya jingine. Kwa faida ya wanachama tutaeleza njia yenyewe, maana watu wengi huiogopa kwa kutoijua. Kwanza hutakiwa cheti cha kifo. Kile kibali cha maziko hakitoshi. Pili, barua ya chifu inayotaja warithi wote, wake kwa waume, walio nyumbani na walio mbali. Tatu, matokeo ya upekuzi kutoka ofisi ya ardhi, ya kuonyesha shamba limeandikwa jina la nani. Ndipo ombi lipelekwe kortini kwa fomu zake, na tangazo lichapwe katika Gazeti la Serikali, na watu wapewe siku 30 za kuleta pingamizi. Kama hakuna pingamizi, korti hutoa hati ya usimamizi. Hata hapo kazi haijaisha, kwa maana hati hiyo yampa msimamizi uwezo wa kutunza mali, si uwezo wa kuigawa wala kuiuza. Kwa kawaida miezi 6 sharti ipite kwanza, kisha arudi kortini ithibitishwe na mgawo uandikwe. Hakimu wa korti ya mahakimu aweza kuisikiliza mirathi ikiwa thamani ya mali haizidi kiwango alichowekewa na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 2015, ambacho ni kati ya shilingi milioni 5 na milioni 20 kwa kadiri ya cheo chake. Basi mashamba mengi ya huku kwetu hayana haja ya kufika Mahakama Kuu.

Na hapa lipo neno ambalo twaomba kila mzee alishike. Sheria ya Urithi ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kifungu chake cha 45 chasema kwamba mtu yeyote atakayeingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria hiyo, akaiuza au kuitumia kama yake, ametenda kosa, na aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000, au kufungwa mwaka mmoja, au vyote viwili. Yule shemeji aliyekuwa akichuma chai hakujua kwamba ni kosa. Twasema kweli, hata sisi tulikuwa hatujui kwamba ni kosa la jinai. Tulidhani ni uovu tu.

Tena sheria hiyo haigawi mali kama tulivyozoea. Desturi ya wazee wetu, mtu akiwa na wake wawili, ni kuikata ardhi kwa nyumba, enyomba kwa enyomba, sawa kwa sawa, hata kama nyumba moja ina wana sita na nyingine ina mmoja. Sheria yahesabu watoto: kila nyumba hupata kwa idadi ya watoto wake, na mjane aliye hai huhesabiwa juu yao kama kichwa kimoja. Na watoto wakitajwa, binti yumo. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ilipokaa Eldoret iliamua shauri la familia moja ya Bonde la Ufa, ikakataa hoja ya kwamba binti apunguziwe kwa kuwa ataolewa. Na Katiba ya mwaka 2010 imelifunga jambo hilo kwa kukataza ubaguzi baina ya mwanamume na mwanamke. Ziko wilaya za zamani za wafugaji ambazo sheria iliziacha zifuate desturi katika ardhi ya kulima na mifugo, kama vile Turkana, Samburu, Narok na Kajiado. Kisii haimo katika orodha hiyo. Yafaa tuambiane kweli hapa penye kivuli kuliko tuambiwe na hakimu.

Turudi kwa mama yetu. Tulimwandikia karatasi zake kwa mkono wetu, tukapiga taipu, tukakosea, tukarudishwa, tukaandika tena. Safari ya kwanza hatukuwa na barua ya chifu yenye majina ya mabinti walioolewa, tukarudi. Safari ya pili tulikuwa na majina lakini hatukuwa na idhini za wale wenye haki sawa na msimamizi, tukarudi. Kila safari ilikuwa nauli ya watu wawili na siku nzima ya kazi. Hati ya usimamizi wa mali ya baba mkwe imekwisha patikana, na mama ametajwa katika usimamizi pamoja na shemeji yake, baada ya wazee wa ukoo kuwakalisha pamoja mara mbili. Miezi 6 haijatimia tunapoandika haya. Chai huchumwa kila mtu upande wake. Zaidi ya hapo hatuwezi kuahidi.

Sasa twafika penye kosa letu sisi wenyewe. Muda huo wote tulikuwa tukihangaika kama watu wasio na sheria ya kuwasaidia, kumbe sheria ilikuwako. Bunge lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2016, nayo ikaanza kazi mwezi wa Mei mwaka huo huo. Kwa sheria hiyo iliundwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, na mfuko wa fedha wa kuilipia. Kabla yake ulikuwako mpango wa majaribio, ulioanzishwa na Serikali katika miaka ya 2007 na 2008 katika miji michache. Maana ya msaada wa kisheria katika sheria ile si kusimamiwa na wakili mbele ya hakimu peke yake. Imeandikwa humo kwamba ni pamoja na kupewa shauri, na kuandikiwa karatasi zinazohusu kesi, na kusaidiwa kupatana nje ya korti, na kufundishwa sheria. Kuandikiwa karatasi! Ndilo jambo lile lile tulilolifanya kwa kubabaisha, na ambalo mama yule aliliuzia mtamba. Tulisoma sheria hiyo baada ya mambo kwisha, nasi ni makarani, watu ambao kazi yao ni kusoma.

Anayestahili ni nani? Ni raia asiyeweza kujilipia, na mtoto, na mkimbizi, na mtu aliyeuzwa au kusafirishwa kwa hila, na mtu aliyefukuzwa kwake ndani ya nchi, na asiye na uraia wa nchi yoyote. Wasiostahili ni makampuni, mashirika, na vyama. Hata Chama chetu, Bwana Mwenyekiti, kikishtakiwa kesho hakitapata shilingi ya mfuko ule. Tena msaada huo hautolewi katika kesi za kodi, wala za kudai deni, wala za kufilisika, wala za kuchafuliwa jina. Twayataja haya kwa sababu tumekwisha ulizwa na wanachama wawili kama Serikali itawalipia wakili wa kudai deni la ng'ombe. Jibu ni hapana. Mtu wa deni dogo na aangalie korti ya madai madogo, iliyowekwa kwa sheria nyingine ya mwaka 2016. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, hairefushi maneno, na mtu huweza kujisemea mwenyewe.

Wala isidhaniwe kwamba kuwako kwa sheria ni sawa na kuwako kwa wakili. Sheria iko katika kitabu, na fedha ya kuitimiza ni haba, na mtu wa Ekerenyo aombaye msaada aweza kungoja sana. Lakini asiyeomba hapati hata nafasi ya kungoja. Ombi huandikwa katika fomu yake, na sisi tumekubali kuwaandikia wanachama bila malipo.

Yafaa tukumbushe mambo ya zamani kidogo, maana vijana huuliza kwa nini watu wetu huogopa wakili. Kabla ya Serikali ya kikoloni mashauri yetu yalisikilizwa na wazee wa etureti karibu na boma, na makubwa zaidi na abagambi, na penye shaka watu waliapishwa emuma. Serikali ya kikoloni ikaleta mabaraza yake, kwanza chini ya sheria ya mwaka 1930, kisha chini ya sheria ya Korti za Waafrika ya mwaka 1951. Katika korti zile mawakili hawakuruhusiwa kuingia. Wazee waliokuwako hutusimulia kwamba mtu alisimama mwenyewe, akasema kwa Ekegusii mbele ya watu wanaojua kilima chake na mto wake, na karani akaandika. Yalikuwako maonevu pia, nasi hatutaki kuyapaka sukari. Mwenye ng'ombe alisikilizwa zaidi ya asiye na ng'ombe. Korti zile zilikwisha kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1967. Ndipo mlango ukafunguliwa kwa mawakili, na lugha ya korti ikawa Kiingereza na Kiswahili. Mwenye fedha akapata msemaji. Asiye na fedha akapoteza wazee wake, asipewe wakili mahali pao. Karibu miaka 50 ilipita kutoka sheria ile ya 1967 hata kufika sheria ya msaada ya 2016. Uingereza, iliyotutawala na kutuletea sheria zake, ilijiwekea sheria ya msaada wa wakili kwa maskini wake mwaka 1949; huku haikuileta. Ndugu zetu wa Tanzania walipata ya kwao mwaka 2017, na Zanzibar mwaka 2018.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo asiye na fedha alipewa wakili tangu zamani, nalo ni mashtaka ya kuua. Mtu akishtakiwa mauaji katika Mahakama Kuu, jaji humwekea wakili na Serikali humlipa. Lakini aliyeshtakiwa unyang'anyi wa kutumia nguvu, ambao nao hukumu yake iliyoandikwa ni kifo, alipelekwa kwa hakimu, akajitetea mwenyewe, akahukumiwa. Watu wengi wa Kenya walipita katika njia hiyo. Katiba ya 2010, Ibara ya 50, imesema kwamba mshtakiwa awekewe wakili na Serikali ikiwa bila hivyo udhalimu mkubwa utatokea, tena aelezwe haki hiyo mara moja. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilieleza mambo ya kupimia: uzito wa shtaka, ukali wa adhabu, uwezo wa mtu kujilipia, kama ni mtoto, kama amesoma au hakusoma, na ugumu wa kesi yenyewe. Basi mzee wetu asiyejua kusoma, akishtakiwa jambo zito, asikae kimya; na amwambie hakimu, "Sina fedha, naomba wakili." Sheria ya 2016 humtaka hakimu amweleze haki hiyo, na aipashe habari ile Huduma. Mtoto aliyeshtakiwa, yeye huwekewa wakili kwa sheria ya watoto pia.

Na habari ya lugha tusiipite. Kijana mmoja wa huku aliulizwa kortini kama shtaka ni kweli, akajibu "ndiyo", akidhani ameulizwa kama jina ni lake. Mkalimani ni haki ya mshtakiwa, bila malipo, kwa Katiba. Na tangu mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilifundisha mahakimu kwamba shtaka lisomwe katika lugha aielewayo mshtakiwa, na maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, kisha habari yote ya kosa isomwe aikubali au aikatae, kabla hajahesabiwa kuwa amekiri. Mtu asione haya kusema, "Sielewi, naomba Ekegusii."

Mwana wa Nyamira, Jaji David Maraga, alikalia kiti cha Jaji Mkuu wa Kenya tangu 2016 hata 2021, na tarehe 1 Septemba 2017 yeye na wenzake wengi wa Mahakama ya Juu waliufuta uchaguzi wa Rais. Siku hiyo hapa Ekerenyo watu walijivuna, na walikuwa na haki. Walakini sisi twafikiri hivi: kesi ya Rais ilikuwa na mawakili wasiohesabika kila upande. Kesi ya mjane ina leso.

Sasa twaja kwenye sehemu tuliyoiombea radhi.

Wazee wetu, kupatanisha ni kazi njema, na Katiba yenyewe, Ibara ya 159, yazitaka mahakama zisitawishe upatanisho na njia za jadi za kutatua ugomvi. Mwaka 2020 Mahakama ilitoa sera yake juu ya jambo hilo. Mambo ya mipaka, ya ng'ombe kuingia katika mahindi, ya ndugu na ndugu, ya mahari, twaomba muendelee kuyasikiliza. Yale ya mama yetu yasingalifika hapa kama si wazee wa ukoo ule kukaa siku mbili chini ya mti. Lakini Ibara ile ile yasema njia za jadi zisitumiwe kinyume cha haki za binadamu. Na sote twajua, ingawa hatusemi mkutanoni, kwamba yako mashauri ya watoto wa kike walioharibiwa, ambayo yalimalizwa jioni moja kwa mbuzi na fedha kidogo, baba ya mtoto akaridhika, mkosaji akarudi kwake, na mtoto akabaki akimwona kila siku njiani akienda shule. Hiyo si kesi ya wazee. Chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, hata polisi hawawezi kuiondoa wenyewe. Uamuzi wa kuiacha umewekwa mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Baba hana uwezo wa kuisamehe, chifu hana, sisi hatuna. Mtoto apelekwe hospitali kabla hajaogeshwa, na fomu ya P3 ichukuliwe polisi, hutolewa bure.

Mzee mmoja wa Halmashauri alitujibu kwamba mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali kesi ya kuua iondolewe baada ya jamaa mbili kupatana kwa desturi zao. Kama kuua kwaweza kupatanishwa, akasema, mbona hili? Neno lake ni zito na habari yake ni ya kweli. Lakini kesi ile iliondolewa mbele ya jaji, na mwendesha mashtaka akiomba, mchana kweupe. Tena iliwashangaza wanasheria wengi, na wengine hawajaikubali hata sasa. Haikuondolewa kwa mbuzi nyuma ya nyumba. Na aliyetendewa katika mashauri tunayoyasema yu hai, ana miaka kumi au kumi na miwili, wala hakuulizwa. Tulibishana na mzee huyo muda mrefu. Mwishoni alisema kwamba yeye hatakaa tena katika shauri la namna hiyo, ila asilazimishwe kuwasema wenzake. Sisi tuliona hilo latosha kwa siku moja.

Basi Halmashauri yaleta maombi haya. Katika kila msiba ambao Chama kitauchangia, karani atafika kabla ya siku ya maziko na daftari, aandike jina la marehemu kama lilivyo katika kitambulisho, namba ya shamba na jina lililo katika hati, namba ya chai, akiba zake, wake zake, na watoto wote, mabinti pamoja na wana, na hata wale waliozaliwa nje kama marehemu aliwatambua. Ukurasa huo utatiwa sahihi na wazee wawili wa ukoo siku ile ile, watu wakiwa bado wana huruma. Maana tumeona kwamba baada ya wiki tatu huruma hupungua na majina ya mabinti husahauliwa. Familia isiyotaka haitalazimishwa, lakini itaandikwa kwamba ilikataa.

Tena sehemu ya fedha ya maziko itengwe kila mwaka kwa ajili ya karatasi za wajane na mayatima: cheti cha kifo, ada ya upekuzi wa ardhi, ada ya korti, na nauli ya kwenda Nyamira au Keroka. Haitatumika kumlipa wakili. Anayehitaji wakili ataandikiwa ombi kwa Huduma ya Kitaifa. Na kama kesi ni ya madai na hana uwezo wa ada, ataombewa ruhusa ya kushtaki kama maskini, ambayo imo katika Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai, Agizo la 33. Wako pia wa kujitolea, kama Kituo cha Sheria kilichoanza mwaka 1973, na FIDA, chama cha mawakili wanawake kilichoanza mwaka 1985, tutawaandikia. Na mwanachama aliyedhulumiwa na wakili wake mwenyewe asije kulia hapa tu, bali apeleke barua kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, ambayo hailipishi.

La mwisho, sheria ya 2016 yawatambua wasaidizi wa sheria wasio mawakili, wakiisha kufundishwa na kukubaliwa na Huduma. Twataka vijana wawili wa Ekerenyo waliomaliza sekondari, mmoja awe msichana, wapelekwe kujifunza kazi hiyo kwa gharama ya Chama, kwa ahadi ya kuwatumikia wanachama miaka miwili. Wapo waliosema kwamba fedha ya sanduku isiguswe kwa ajili ya karatasi. Tumewasikia. Mweka Hazina atasoma sasa kiasi kinachoombwa, na kiasi kilichobaki katika mfuko wa maziko baada ya kukitoa, kisha Bwana Mwenyekiti atawauliza wanachama wainue mikono. Daftari la kwanza limekwisha nunuliwa, liko hapa mezani, na ukurasa wake wa kwanza umeandikwa habari za marehemu wa Jumamosi ijayo, kwa idhini ya mkewe.